Insha ya mtihani: maana yake na jinsi ya kujiandaa nayo

Insha ya mtihani ni jibu refu lenye hoja, linaloandikwa ndani ya muda uliopangwa, kwa swali ambalo mtahiniwa halijui mpaka karatasi ifunuliwe. Kwa kawaida vitabu havipo mezani na nafasi ya kuandika rasimu ya pili haipo. Insha ya kozi, ile ambayo mwanachuo hukaa nayo wiki mbili tatu, hupima jinsi anavyotafuta habari, anavyosoma na anavyorekebisha kazi yake. Hii ya chumba cha mtihani hupima zaidi uwezo wa kuchagua: katika yote uliyosoma muhula mzima, ni yapi yanajibu swali hili, na ni yapi uyaache kichwani hata kama yalikugharimu usiku kucha kuyaelewa?

Wanafunzi wengi huichukulia kuwa kipimo cha kumbukumbu, kwa hiyo hukariri. Wengine hukariri insha nzima, wakiomba Mungu swali lije kama walivyolitarajia. Mchezo huu ni wa kale. Katika mitihani ya kuajiri maofisa wa dola ya China, watahiniwa waliandika kwa karne kadhaa insha ya muundo maalumu wa sehemu nane, na vitabu vya insha za mfano vilichapishwa ili vikaririwe. Wakosoaji walilalamika kwamba mfumo ule uliwazawadia walioumudu muundo kuliko waliofikiri. Mitihani yenyewe ilifutwa mwaka 1905. Kwa mwanachuo wa leo hatari ni ya karibu zaidi. Swali likigeuzwa kidogo tu, insha iliyokaririwa hujibu swali jingine, na msahihishaji huliona hilo kabla ya aya ya pili.

Basi maandalizi yaanze kwenye swali. Swali la insha huwa na sehemu tatu: mada, mipaka na agizo. Mada kila mtu huiona. Mipaka (kipindi, mahali, kundi la watu) husomwa harakaharaka, na agizo ndilo husahaulika kabisa. “Eleza” hudai jambo liwekwe wazi: lilivyo, lilivyotokea, kwa nini. “Linganisha” hudai vitu viwili viende bega kwa bega kwa vigezo vilevile. Ukieleza cha kwanza mpaka mwisho kisha cha pili mpaka mwisho, ulinganishaji umemwachia msomaji. “Jadili” na “tathmini” hudai uamuzi. Hapo kutaja faida tano na hasara tano bila kusema mizani imeelemea wapi ni nusu ya kazi.

Chukua swali hili: “Mapinduzi ya viwanda yaliboresha maisha ya wafanyakazi wa Uingereza kati ya 1750 na 1850. Jadili.” Jibu dhaifu litasimulia mashine za mvuke, viwanda vya pamba na reli, yote ya kweli, na mwisho litasema kulikuwa na mazuri na mabaya. Jibu zuri litasimama kwanza kwenye neno “maisha”. Ni mshahara? Afya? Saa za kazi? Halafu litauliza: wafanyakazi gani? Fundi stadi wa mitambo na mtoto wa kiwanda cha nguo hawakuishi mapinduzi yaleyale. Hapo ndipo ushahidi unapopata kazi ya kufanya. Sheria ya viwanda ya 1833 ilikataza watoto wa chini ya miaka 9 kuajiriwa katika viwanda vingi vya nguo, na sheria ya 1847 iliweka kikomo cha saa 10 kwa siku kwa wanawake na vijana wa viwanda hivyo. Sheria hizo ni dalili ya hali kuboreka, lakini pia ni ushahidi wa jinsi hali ilivyokuwa mbaya kabla yake. Kipindupindu kilichofika Uingereza mwaka 1831 kiliikuta miji iliyofurika watu. Kutokana na hayo msimamo unaweza kuandikwa kwa sentensi moja: maboresho yalikuja kwa kuchelewa, yakawafikia baadhi ya wafanyakazi kabla ya wengine, na mengine yalihitaji sheria, kwa sababu viwanda peke yake havikuyaleta.

Sentensi hiyo ndiyo roho ya insha. Ikipatikana, aya zinajipanga zenyewe. Isipopatikana, hata kurasa nane hazisaidii. Ndiyo sababu dakika tano au kumi za kupanga kabla ya kuandika hazipotei, ingawa jirani yako ameshajaza ukurasa na kalamu yake inasikika chumba kizima. Mpango wenyewe uwe mfupi: msimamo, hoja tatu au nne, na mfano mmoja wa uhakika kando ya kila hoja. Anza na hoja yenye nguvu, maana muda ukikatika, itakayokatwa ni ile ya mwisho.

Hesabu ya muda nayo haina huruma. Tuseme mtihani ni wa saa tatu, maswali matatu, kila moja alama 20. Mtu akiyashughulikia mawili kwa ustadi akapata 15 na 15, la tatu asiliguse, ana 30 kati ya 60. Mwenzake aliyeyajibu yote kwa kiwango cha kawaida, 12 kila moja, ana 36. Alama za mwanzo za swali lolote hupatikana kwa urahisi kuliko zile za mwisho, kwa hiyo dakika ishirini za kuing’arisha insha iliyokwisha kuwa nzuri ni ghali mno. Andika pembeni ya karatasi saa utakayohamia swali linalofuata, na ikifika, hama.

Sasa wiki za kabla ya mtihani. Kurudia kusoma madaftari huleta faraja, na faraja hiyo ndiyo inayodanganya. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi matini ya kusoma. Baadhi waliirudia kuisoma, wengine waliifunika wakaandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja, waliojijaribu ndio waliokumbuka zaidi. Kwa hiyo funga daftari, chukua swali la miaka iliyopita, andika mpango wake kwa dakika kumi, kisha fungua uone ulichoacha. Mipango kumi ya namna hiyo hufundisha zaidi ya insha moja ndefu, kwa sababu kila mpango unakulazimisha kuchagua upya kutoka kwenye maarifa yaleyale.

Hata hivyo, andika pia insha kamili mara chache, kwa saa iliyo mezani na kwa chombo utakachotumia siku yenyewe. Aliyezoea kuchapa kwenye kompyuta anaweza kushangaa jinsi mkono unavyochoka baada ya saa moja ya kalamu. Pia utajua unajaza kurasa ngapi kwa saa, na ukishajua hilo hutapanga hoja saba pale zinapoingia nne.

Utangulizi usikupotezee muda: sentensi tatu nne zinatosha, msimamo ukiwemo. Hati nzuri si lazima, isomeke tu. Nukuu ndefu za kukariri naziona mzigo; jina la mwandishi na kiini cha hoja yake kwa maneno yako vinatosha katika masomo mengi, isipokuwa fasihi, ambako maneno yenyewe ya matini ndiyo ushahidi.

Na ikiwa, pamoja na yote, zimebaki dakika tano na hoja mbili hazijaandikwa? Ruka mapambo. Kila hoja ipe sentensi moja kamili yenye mfano wake, hata kwa muhtasari wa vipengele, kisha umalizie kwa sentensi inayorudisha hoja hizo kwenye swali. Wasahihishaji wengi huweza kutoa alama kwa hoja iliyoandikwa kwa kifupi. Kwa ile iliyobaki kichwani hawana pa kuiwekea alama.