Mistari minne ya nahodha si cheo cha jeshi

Nafundisha ubaharia hapa Mwanza. Kila wanafunzi wapya wanapomwona nahodha wa MV New Victoria na mistari yake minne ya dhahabu begani, wapo wanaoamini ni mwanajeshi mwenye cheo cha kapteni. Sivyo, na nataka jambo hili lieleweke mapema kabla hawajapanda meli.

Mistari yenyewe kweli imetoka jeshini. Katika Jeshi la Wanamaji la Uingereza luteni huvaa miwili, kamanda mitatu, kapteni minne. Kapteni huyo ni sawa na kanali wa nchi kavu. Kapteni wa nchi kavu, yule wa nyota tatu, analingana na luteni wa majini. Si ajabu kapteni wa majini kuwa juu hivyo: anayeongoza manowari kubwa ana mamia ya watu chini yake, na akiwa mbali baharini hana mkubwa wa kumkimbilia. Kenya walichagua njia nyingine, wanamaji wao wakapewa vyeo vya nchi kavu. Ndiyo maana Samson Mwathethe, mwanamaji, alipoteuliwa Mkuu wa Majeshi mwaka 2015 aliitwa jenerali, si admirali, kama wanamaji wa kwingine wanavyoita cheo hicho.

Meli za kiraia ziliazima mistari, zikaacha ngazi ya kijeshi. Minne ni ya nahodha, mitatu ya chifu ofisa, msaidizi wake mkuu. Chifu injinia naye huvaa minne, mara nyingi yenye kitambaa cha zambarau katikati. (Wanaosema zambarau ni kumbukumbu ya mainjinia wa Titanic, 1912, wanakosea. Mainjinia wa manowari za Uingereza waliivaa tangu miaka ya 1860.)

Cheo cha mwanamaji humfuata hata akihamishiwa ofisini. Madaraka ya nahodha hukaa na meli: akimkabidhi mwenzake, anashuka na cheti chake cha umahiri tu, kinachoonyesha ni meli ya ukubwa gani anaruhusiwa kuiongoza. Katika mji uliozika watu wa MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996, cheti hicho nakiheshimu kuliko sare yoyote.

Lakini nahodha akiwa kazini, neno lake ni la mwisho kwa kila aliyemo melini. Jenerali anayesafiri nasi kwenda Bukoba ni abiria. Nahodha akiamuru jaketi okozi zivaliwe, naye anavaa.