Rezista Inayounguza Kidole

Dereva mmoja wa bodaboda aliniletea taa ya LED aliyofungiwa mtaani. Iliwaka vizuri miezi miwili, kisha ikaanza kupepesa. Nilipofungua kasha, harufu ndiyo ilinipokea kwanza. Bodi ilikuwa kahawia chini ya kila rezista, kile kijipande kinachozuia mkondo wa umeme usizidi, na mistari ya rangi inayoonyesha thamani yake imeungua hata haisomeki.

Mlikuwa na LED nyeupe 12, kila moja na rezista yake ya omu 470, ya kuhimili joto la robo wati. Aliyeitengeneza alipiga hesabu: betri volti 12, LED inachukua 3.2, zinabaki 8.8. Mkondo ni kama miliampia 19, joto wati 0.165. Kwa robo wati, hapo hakuna neno.

Ila pikipiki ikishaunguruma, chaji hupanda hadi volti 14.4 hivi. Rezista sasa inabeba volti 11.2 na joto linafika wati 0.27. Imeshapita kiwango chake, tena ziko 12, zimebanana ndani ya kasha lililozibwa kwa silikoni. Jumla ni wati 3.2 zisizo na pa kutokea. Ndiyo maana nasisitiza: hesabu ya wati ipigwe kwa volti ya juu kabisa ambayo saketi itakutana nayo.

Mafundi wengi hapo huweka rezista za nusu wati. Zitadumu zaidi, lakini joto ni lile lile, limetandazwa tu kwenye mwili mkubwa zaidi. Dawa ni kuipunguzia rezista volti za kubeba. Nilifunga LED tatu tatu kwa mfululizo, mkondo upite moja baada ya nyingine, kila mnyororo na rezista moja ya omu 270. Kwa volti 14.4, LED tatu huchukua 9.6 na rezista hubakiwa na 4.8, mkondo miliampia 18, joto wati 0.085. Minyororo yote minne haifiki wati 0.35.

Gharama yake ipo: injini ikizimwa, mkondo hushuka hadi miliampia 9 na mwanga hufifia. Dereva aliridhika, maana taa huitumia akiwa njiani. Ingekuwa ya nyumbani, kwenye betri ya sola, ningefunga mbili mbili.

Rezista nilizining'iniza milimita chache juu ya bodi, hewa ipite chini. Kisha nikafunga kasha, nikaiwasha kwa volti 14.4 nusu saa nzima, nikafungua na kuzigusa moja moja. Kidole kilitulia juu ya kila moja.