Eti kikiwa sanaa hakitumiki?

Kuna hii dhana imezoeleka, eti kitu kilichotengenezwa kwa mkono kikishapendeza sana basi kimekuwa sanaa, kiweke kabatini watu wakiangalie tu. Wengine nao wanageuza, ukishakikalia au kukinywea chai basi hiyo ni kazi ya fundi tu, sanaa hamna. Wote wanakosea jamani.

Mcheki George Nakashima, fundi mbao wa Marekani aliyefariki 1990. Yeye ubao ukiwa na ufa alikuwa hautupi wala hauzibi kuuficha, alikuwa anachimbia kipande cha mbao chenye umbo la kipepeo katikati ya ufa, bawa moja huku jingine kule, na hicho ndo jicho linakimbilia kwanza ukiiona meza, ila kazi yake ni kubana ufa usizidi kufunguka. Sasa niambie urembo umeishia wapi hapo na matumizi yameanzia wapi?

Wendell Castle naye, msanii wa samani wa Marekani, miaka ya 60, alikuwa anabandika mbao kwa gundi tabaka juu ya tabaka halafu anachonga kama sanamu, kinatoka kiti na unakaa vizuri tu.

Ni kweli vipo viti vya kisasa vilivyotengenezwa kwa mkono vinavyoua mgongo (hivyo mimi naviita sanamu zenye miguu), lakini hilo ni kosa la kiti chenyewe, si kwamba uzuri umekataa kukaliwa. Hata kikombe cha mfinyanzi, pale kidole gumba kinapopata mahali pake kwenye mkono wa kikombe, picha haikuonyeshi hiyo, mpaka unywee.