Shaka ya kipimo na jinsi inavyoingia katika hesabu za maumbo

Shaka ya kipimo ni kiasi ambacho thamani halisi ya kitu inaweza kuzidi au kupungua kuliko namba iliyosomwa kwenye kifaa. Fundi akisoma mita 15.24 kwenye tepu iliyolegea kidogo, huku bikoni, yaani alama ya mpaka wa ploti, ikiwa imefunikwa na majani, haki yake ni kusema kwamba urefu ni mita 15.24, zaidi au pungufu kwa sentimita 5. Urefu huo ukitumiwa kutafuta eneo, ujazo au kimo, shaka yake huingia nao katika hesabu, na kanuni ya umbo lenyewe ndiyo huamua kama itakua au itapungua.

Tuchukue ploti ya hamsini kwa mia inayofahamika kote Nairobi, yaani futi 50 kwa 100, au mita 15.24 kwa 30.48. Kikokotoo huonyesha mita mraba 464.5152, ingawa nyingi za tarakimu hizo hazina msingi wowote katika kipimo kilichochukuliwa. Ikiwa kila upande una shaka ya sentimita 5, shaka ya upande mfupi huzidishwa kwa upande mrefu na kuleta takriban mita mraba 1.5, ilhali shaka ya upande mrefu huzidishwa kwa upande mfupi na kuleta takriban 0.8 tu. Kwa hiyo, mwenye nafasi ya kurudia kipimo kimoja pekee na arudie upande mfupi. Wengi hufanya kinyume, wakidhani kwamba upande mrefu ndio wenye hatari zaidi.

Shaka hizo mbili, zikiwa hazitegemeani, hazijumlishwi moja kwa moja, kwa kuwa ni nadra makosa yote mawili kufikia upeo wake na kuelekea upande mmoja kwa pamoja. Kila shaka hutafutiwa kipeo cha pili, vipeo hivyo hujumlishwa, kisha hutafutwa kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Kwa ploti yetu tunapata takriban mita mraba 1.7, hivyo eneo ni 464.5, zaidi au pungufu kwa 1.7. Hali hubadilika kabisa tepu yenyewe ikiwa imevutika kwa nusu asilimia: pande zote mbili husomeka pungufu, eneo hupungua kwa karibu asilimia 1, na kurudia kipimo mara nyingi kwa tepu hiyohiyo hakusaidii lolote.

Pembe zina tabia ngumu zaidi, na hapo ndipo umakini unapohitajika hasa. Jumba la KICC, jengo la mikutano jijini Nairobi, lina kimo cha takriban mita 105. Anayetafuta kimo hicho kwa kupima umbali wa mlalo na pembe ya kutazama juu, huzidisha umbali kwa tanjenti ya pembe, yaani uwiano wa kimo kwa umbali huo. Akiwa mita 105 kutoka jengo, pembe ni nyuzi 45, na kosa la nyuzi 1 huleta kosa la takriban mita 3.7. Akisogea hadi mita 30, pembe hufika nyuzi 74 na kosa lilelile huleta karibu mita 7. Akirudi nyuma hadi mita 300, huleta karibu mita 6. Nyuzi 45 ndiyo pembe bora, mradi shaka kubwa iwe ya pembe. Kama udhaifu uko katika umbali, kusimama mbali kuna faida, kwa sababu kosa la nusu mita katika umbali huleta mita 1.75 za kimo mtu akiwa mita 30, lakini huleta chini ya sentimita 20 akiwa mita 300.

Kwenye tangi la maji la mviringo, ujazo hutegemea kipeo cha pili cha kipenyo, hivyo asilimia ya shaka ya kipenyo huongezeka maradufu. Tangi la lita 5,000 lenye kipenyo cha mita 1.6, likipimwa kipenyo kwa shaka ya sentimita 1, huwa na shaka ya takriban lita 63. Tepu ikizungushwa tangi zima na mzingo ukagawanywa kwa pai, sentimita hiyo 1 huleta lita 20 hivi. Mzingo, hata hivyo, hupimwa kwa nje, kwa hiyo unene wa plastiki hutolewa mara mbili kwenye kipenyo, na shaka ya unene huo nayo huingizwa katika hesabu.