Kope Zikilegea Ukiwa kwenye Dawa ya Baridi Yabisi

Natumia penisilamini kwa baridi yabisi. Jioni kope zinalegea. Ni uchovu tu?

Usiuite uchovu kabla hujapimwa. Dawa hiyo inaweza kuichokoza kinga ya mwili hadi itengeneze kingamwili zinazoshambulia vipokezi vya misuli, pale mshipa wa fahamu unapokabidhi amri. Amri haifiki sawasawa na msuli unaishiwa nguvu upesi. Ugonjwa huo ni miasthenia. Kope hushuka, kitu kimoja huonekana viwili, taya huchoka katikati ya chakula, sauti hutokea puani.

Penisilamini si antibiotiki?

Hapana. Ina asili moja na penisilini, basi. Siku hizi wagonjwa wengi wa baridi yabisi hupewa methotreksati. Hidroksiklorokwini, dawa nyingine ya baridi yabisi, nayo, mara chache, huleta au huzidisha udhaifu huu.

Nisubiri tarehe yangu ya kliniki?

Usisubiri. Njoo leo.

Lakini asubuhi naamka mzima.

Ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo! Msuli ukipumzika hurudisha nguvu, ukitumika huchoka. Asubuhi hiyo nzuri ndiyo inayowaweka watu nyumbani wiki sita, wakibadilisha miwani na kunywa juisi ya rozela "kuongeza damu". Wanatufikia wakiwa wanapaliwa na maji. Nafuu ya asubuhi si kupona. Usisubiri.

Nilinunua sipro dukani, nikazidiwa. Kwa nini?

Hapa, mniwie radhi, uvumilivu huniisha. Siprofloksasini, azithromisini na sindano ya gentamisini zote zinaweza kuzidisha miasthenia. Ulikuwa na maambukizi gani hata ukazinunua? Kope kulegea hakutibiwi kwa antibiotiki.

Nitajuaje kuwa ni dharura?

Ukishindwa kumeza mate, ukihema ukilala chali, ukikosa pumzi ya kumaliza sentensi, nenda hospitali usiku huohuo. Misuli ya kupumua nayo ni misuli. Usingoje kupambazuke, usimngoje shemeji mwenye gari.

Mtanipima vipi?

Tutakuambia utazame juu bila kushusha macho, tuone kope zinavyochoka. Pengine tutaweka barafu juu ya kope dakika mbili. Ikinyanyuka, shaka yetu inaongezeka. Kisha damu, kutafuta kingamwili.

Nikiacha penisilamini nitapona?

Wengi hupona, ila huchukua miezi, na katikati hapo huenda ukahitaji piridostigmini, dawa ya kuisaidia amri kufika kwenye msuli. Wachache hubaki na ugonjwa. Viungo vyako havitasahaulika, daktari atakuchagulia dawa nyingine.

Basi niache dawa zote leo?

Hapana! Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, ikishazoeleka mwilini ukaikatisha ghafla inaweza kukuangusha. Usipunguze chochote kwa kukisia. Weka dawa zote kwenye mfuko, na ile uliyogawiwa na jirani pia, uje nazo leo.