Kuzima na Kuwasha Ruta Siyo Matengenezo

Ruta za watu, vile visanduku vya kugawa intaneti nyumbani, zikijisasisha programu usiku, kukicha simu yangu haipoi. Hapa Mombasa, iwe Kizingo, Tudor au Kisauni, maneno ni yale yale: "Fundi, waifai yaja yapotea. Lakini nikizima nikawasha, inapona." Halafu mtu anyamaza, angoja nimpe hongera.

Haijapona. Ruta inapowaka upya huchagua chaneli (njia ya mawimbi yake hewani) upya, huvigawia vifaa anwani upya, na kumbukumbu iliyokuwa imejaa huwa tupu. Kwa saa kadhaa mambo yatakuwa shwari, kisha tatizo lenyewe, ambalo hukuligusa, litarudi katikati ya mkutano au mechi. Na hilo si baya kuliko yote. Ruta nyingi za nyumbani huweka logi zake, yaani orodha ya matukio, mahali ambapo stima ikikatika hufutika. Ile mistari ambayo ingenionyesha mtandao ulikatika saa ngapi na kwa nini, umeifuta kwa kidole chako mwenyewe kabla ya kunipigia. Ni kupiga deki chumba kabla polisi hawajafika.

Basi kabla ya kugusa swichi, ingia kwenye ukurasa wa mipangilio wa ruta (andika anwani yake kwenye kivinjari), piga picha logi. Kisha fungua madirisha mawili ya amri (Command Prompt) kwenye kompyuta ya Windows, utume ping, yaani kubisha hodi na kungoja jibu. La kwanza andika ping 192.168.1.1 -t (tazama kibandiko chini ya ruta, huenda yako ina anwani nyingine), la pili ping 8.8.8.8 -t (hiyo ni kompyuta ya Google, nje kabisa ya nyumba). Yaache yaende. Mtandao ukipotea, soma: madirisha yote mawili yakikosa majibu, ugonjwa uko kati ya kompyuta na ruta, yaani hapo nyumbani kwako. La pili peke yake likikosa, waifai haina kosa. Shida inaanzia kwenye ruta kwenda nje, na sasa una haki ya kumpigia mtoa huduma. Yote yakijibu na kurasa bado hazifunguki, chunguza DNS, ile huduma ya kugeuza majina ya tovuti kuwa namba, kwa sababu sasisho huweza kuirudisha ile ya kiwandani. Dakika chache za kutazama hivi zanifaa kuliko wiki nzima ya kuzima na kuwasha.

Tena angalia nani anayekatika. Ikiwa ni printa au kamera peke yake, na simu za nyumba nzima ziko sawa, karibu nina uhakika sasisho limewasha WPA3, ulinzi mpya wa waifai. Vifaa vya zamani havielewani nayo, hata ile hali ya mchanganyiko, WPA2 na WPA3 pamoja, huvisumbua. Rudisha WPA2, ulinzi uliotangulia, ile yenye usimbaji wa AES, na uweke paswedi ndefu. Ikiwa anayekatika ni yule wa chumba cha nyuma, au mtu anapotembea kutoka sebuleni kwenda jikoni, programu mpya imeunganisha mawimbi ya gigahezi 2.4 (yafikayo mbali) na 5 (ya kasi, yafikayo karibu) chini ya jina moja, na ruta inazisukuma simu kwenye 5 hata pale ambapo 5 haifiki. Kwa zile nyumba za Mji wa Kale, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe, ukuta mmoja watosha kuimaliza. Tenganisha majina. Najua matangazo yanasema jina moja ndiyo akili. Mimi nyumba zangu zote nazitenganisha.

Na wakikatika wote walio kwenye gigahezi 5 kwa pamoja, kwa dakika moja hivi, kisha wakarudi wote? Hiyo ni chaneli. Sasisho limeiweka ruta kwenye hali ya kujichagulia, nayo imeingia kati ya chaneli 52 na 144, ambazo ni za kushirikiana na rada. Ikihisi mapigo ya rada, lazima ihame ndani ya sekunde 10 na isirudi pale kwa dakika 30. Ikihamia chaneli nyingine ya aina hiyo, hukaa kimya sekunde 60 ikisikiliza kwanza. Dakika yako imepotelea hapo. Wala usizisingizie meli za Kilindini, maana rada zao za kuongozea chombo hutumia karibu gigahezi 3 na 9. Mara nyingi ni ruta yenyewe imedhania. Iweke kati ya 36 na 48, yaishe. Huku kwenye 2.4 chagua 1, 6 au 11, upana megahezi 20. Sasisho likikuwekea 40, unagombana na waifai za jirani wote wa ghorofa.

Yote haya yakishindikana, usirejeshe faili la mipangilio ya zamani. Piga picha kila ukurasa, irudishe ruta hali ya kiwandani, uandike upya kwa mkono. Jina na paswedi ya mtoa huduma uwe nazo kabla ya kubonyeza, tafadhali.

Sasa yale ninayoambiwa kila siku. "Kebo ya baharini imekatika." Hii ni ya Mombasa hasa, kwa kuwa kebo zenyewe zatua hapa kwetu na kila mtu ana habari zake. Ni kweli hukatika. Februari 2012 nanga ya meli iliikata TEAMS nje ya bandari yetu, na Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika, Afrika Mashariki nzima ikakokota. Lakini zinapokatika, nchi nzima hulalamika kwa siku kadhaa. Hazikatiki dakika mbili mbili, chumbani kwako tu, baada ya saa nne usiku.

"Mistari ya waifai imejaa, kwa hivyo intaneti iko." Mistari hiyo yaonyesha nguvu ya mawimbi kati ya simu na ruta, basi. Chomoa waya wa nje uone kama itapungua.

"Nirudishie programu ya zamani." Ruta nyingine hazikubali kurudi nyuma, na zinazokubali hurudi pamoja na matundu ya usalama yaliyokwisha kuzibwa. Udhaifu wa WPA2 uliotangazwa mwaka 2017, KRACK, ulizibwa kwa masasisho haya haya unayoyalaani. Ikiwa mtengenezaji mwenyewe amekiri toleo lina kasoro, hiyo ni habari nyingine.

"Ninunue ruta ya antena nane." Nunua, lakini ukuta utakuwa pale pale. Pesa hiyo vuta waya mpaka chumba cha nyuma uweke kituo cha pili cha waifai, na TV uichomeke kwa waya vilevile. TV haitembei, yatafuta nini hewani? Waya ukiwa wa zamani, chungulia vichwa vyake kwanza. Ukiona kijani kwenye zile shaba, ni chumvi ya bahari imeingia: kata, banisha vipya.