Je, wajua kwa nini mvuke wa birika tu unatosha kubadilisha umbo la pama ya felti?

Chukua pama nzuri ya felti, zile zenye ukingo na kichwa kilichobonyea katikati, uigeuze uikague vizuri. Kichwani hakuna mshono hata mmoja. Lile bonde la juu halijashonwa, vile vibonyeo viwili vya mbele havina waya wala kadibodi ndani, hakuna kitu chochote kinachovishikilia na bado umbo linakaa miaka na miaka. Halafu siku moja mwenyewe anachemsha birika, anapitisha kofia kwenye mvuke dakika moja mbili, anasukuma kwa mkono na bonde lote linapotea kama halikuwepo, anaweka lingine analolitaka yeye. Inakuwaje?

Jibu ni kwamba felti ni nywele tupu, na nywele zina tabia zake. Felti haifumwi kama kitambaa. Ni manyoya ya kondoo kwa kofia za bei ya chini, na kwa zile za ubora ni manyoya ya sungura, sungura mwitu au yule mnyama wa mtoni anaitwa biva, yamelowekwa yakapashwa moto yakasuguliwa weee mpaka yakashikana yenyewe kwa yenyewe. Kila unywele una vigamba vidogo sana vyote vimeelekea upande mmoja, kwahiyo ukisukumwa unaenda mbele lakini kurudi nyuma haurudi, sasa zidisha hiyo mara mamilioni ya nywele utaelewa kwa nini felti haichanuki ovyo. Kiwandani wanaanza na koni kubwa laini, wanaifanya inywee mpaka inakuwa ndogo na nzito, kisha wanaivuta juu ya kinyago cha mbao chenye umbo la kichwa, na kazi hiyo ya kuivuta inafanyika kwa mvuke. Yani birika la nyumbani linafanya kitu kilekile cha kiwandani, kwa udogo tu.

Sasa ndani ya unywele kuna protini inaitwa keratini, ileile iliyoko kwenye nywele zako wewe na kucha zako. Aliyewahi kusokota nywele zikiwa mbichi akaziacha zikauke anajua zinabaki na mawimbi, na anajua pia zikilowa mawimbi yanaondoka. Kofia ni hivyohivyo kabisa. Molekuli za keratini ni ndefu kama kamba na zimeshikana pembeni kwa vifungo vya haidrojeni, kimoja kimoja ni dhaifu lakini viko vingi mno. Maji yakiingia yanajipenyeza kati ya kamba hizo, vifungo vinaachia, nyuzi zinakuwa tepetepe, na maji yakitoka vifungo vinajifunga upya, ila havifungi pale vilipokuwa zamani, vinafunga pale nyuzi zilipo muda huo. Hapo ndipo mkono wako unapoingia. Sufu inaweza kubeba unyevu wa karibu asilimia 30 ya uzito wake bila hata kuonekana imelowa, na tofauti inayoletwa na huo unyevu ni kubwa: sufu kavu kabisa ingetaka joto la zaidi ya nyuzijoto 150 ndio ilegee, yenye unyevu inalegea chini sana ya hapo.

Kuna vifungo vingine pia, vya salfa, hivyo ni vigumu na havishtushwi na mvuke wa dakika moja. Hivyo ndivyo vinavyofanya kofia isiharibike kabisa ukiilegeza, na ndivyo sababu mojawapo ya jambo ambalo linakera watu: kofia iliyokaa na mkunjo mmoja miaka kumi ukiipiga mvuke mkunjo unatoka, lakini bado kwenye mwanga unaona kamstari pale ulipokuwa. Upande wa pili, bonde uliloweka jana kwa mvuke limeshikwa na vile vifungo dhaifu, kwahiyo mvua kubwa ikiikuta kofia kichwani usishangae likaanza kujifungua lenyewe.

Halafu kuna gundi. Kofia nyingi za felti zimenyweshwa kitu cha kuzikaza, na cha zamani kinachojulikana sana ni shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wa Asia wanaoishi kwenye matawi ya miti. Shelaki ikifika nyuzijoto 75 au 80 hivi inalainika, ikipoa inakaza tena. Mvuke unatoka na nyuzijoto 100, kwahiyo kwa mpigo mmoja umefungua kufuli zote mbili, maji yamelegeza nywele na joto limelegeza gundi. Ndio maana mashine ya kukaushia nywele peke yake haisaidii sana, ina joto lakini haina maji, na maji ya baridi peke yake yanalowesha kofia bila kuigusa gundi.

Na mvuke una kitu kingine ambacho watu hawakihesabu. Gramu moja ya mvuke ikigusa felti na kugeuka maji inaachia joto la kama jouli 2,260, wakati gramu hiyohiyo ya maji ikipoa kutoka nyuzijoto 100 hadi 37 inaachia kama 260 tu. Ndio maana felti inapata moto ndani ya sekunde chache. Ndio maana pia mvuke unaunguza vidole vibaya kuliko maji ya moto, shika kofia kwa ukingo na mkono usiupitishe mbele ya mdomo wa birika.

Kwa wanaoogopa kwamba kugusa kofia ya bei ni kuiharibu, historia inawatoa hofu. Mwaka 1865 John B. Stetson wa Philadelphia, Marekani, alianza kuuza kofia iliyoitwa Boss of the Plains, na ilikuwa na kichwa cha mviringo kitupu, haina bonde lolote, ukingo umenyooka. Wenye kofia ndio walioibonyeza wenyewe, kila mtu na mtindo wake. Mpaka leo mafundi wa kofia wanauza pama zenye kichwa kisichobonyezwa, kimesimama kama sentimita 13 hadi 15, mteja achague. Kwahiyo kufinya kofia yako mwenyewe ni desturi ya zamani kuliko kuinunua ikiwa imeshafinywa.

Ila historia hiyohiyo ina onyo moja. Zamani manyoya ya sungura yalikuwa yanapakwa naitreti ya zebaki ili yashikane vizuri, wafanyakazi wa viwanda vya kofia waliumwa kutetemeka na kuchanganyikiwa, na Marekani matumizi hayo yalikoma rasmi Desemba 1941. Kama umerithi kofia ya babu wa babu, ya kabla ya miaka hiyo, usiipige mvuke jikoni madirisha yamefungwa, zebaki inaweza kuwa bado imo. Mimi ningeiacha ilivyo.

Tukija kwenye kazi yenyewe, anza na brashi laini kwa kufuata malaika ya felti yanapolalia, kwa sababu vumbi likikutana na unyevu linageuka tope jembamba ndani ya nyuzi na hapo kulitoa ni kazi. Kisha, na hili usiliruke hata kama una haraka, geuza ule mkanda wa ngozi wa ndani uutoe nje uning'inie chini. Ngozi ikiwa mbichi na ya moto kwa pamoja inanywea, nyingine kuanzia nyuzijoto 70 au 80 tu, na ikishanywea hairudi, inaivuta kofia nzima na kesho haikuingii kichwani. Kofia nyingi zinazosemwa "zimeharibiwa na mvuke" felti yake iko salama kabisa, kilichokufa ni ngozi. Bitana kama haijagundishwa itoe, kama imegundishwa basi kaa na mvuke wa nje tu. Kuna wanaopenda kuelekeza mvuke ndani ya kofia kwa kuwa unaenea haraka, sawa, lakini ngozi iko hapohapo mlangoni.

Weka kofia kama sentimita 15 au 20 kutoka mdomo wa birika, izungushe isitulie mahali pamoja, na kwanza futa lililopo. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, wanataka kuweka bonde jipya juu ya la zamani, matokeo yake mikunjo miwili inagombana na kofia inaonekana imekaliwa. Piga mvuke mpaka felti iwe ya moto na ilegee mkononi, ingiza ngumi kwa ndani usukume juu taratibu mpaka kichwa kiwe mviringo kitupu. Kikikataa usilazimishe, ongeza mvuke. Nguvu ikihitajika ujue bado haijalegea.

Kikishakuwa mviringo tafuta katikati. Huna haja ya rula, angalia mkanda wa ndani, kwa kawaida kwa nyuma una kiutepe kidogo kilichofungwa au mshono, hiyo ndiyo nyuma, na mbele iko mkabala nayo. Rudisha kwenye mvuke, sasa tumia ubavu wa kiganja chako kusukuma chini kutoka mbele kwenda nyuma huku mkono mwingine ukiwa ndani unapokea. Ukitaka umbo la tone la maji, lile jembamba mbele na pana nyuma, panua upande wa nyuma kwa ngumi. Ukitaka bonde refu lililonyooka bila vibonyeo vya pembeni unaishia hapohapo. Vibonyeo vya mbele vinawekwa mwisho, kwa nyama ya vidole, kucha zisiguse, unasukuma pande zote mbili kwa pamoja ili visipishane. Anza na kina kidogo. Kuongeza kina ni sekunde, kupunguza maana yake unafuta unaanza upya.

Halafu shikilia. Hiki ndicho kipande muhimu kuliko vyote na ndicho kinachochosha, watu wanapenda mvuke kwa sababu unaonekana unafanya kitu, lakini mvuke kazi yake ni kufungua tu, umbo linajiandika wakati kofia inapopoa na kukauka. Ukiachia ikiwa bado ya moto inarudi nyuma nusu ya ulichofanya. Shikilia mpaka usikie ubaridi vidoleni, hapo gundi imekaza, kisha iweke juu ya bakuli lililogeuzwa, dogo kuliko tundu la kofia, ukingo uwe huru hewani, iache usiku kucha mbali na jua na jiko. Joto kali la kukaushia linaifanya inywee. Asubuhi ndio urudishe mkanda ndani.

Yote haya yanakwenda vizuri zaidi kwa manyoya ya sungura na biva, nywele zake ni nyembamba na zimebanana sana, zinashika umbo, na zile laini kabisa zisizo na gundi nyingi unaweza kuzifinya kwa mkono mkavu zikakaa. Felti ya kondoo ni mbishi, inapenda kurudi kule ilikokandamizwa kiwandani, inataka mvuke zaidi na kushikiliwa zaidi, na inanywea kirahisi.

Kabla ya kuwasha moto lakini, inua kofia kwenye mwanga uangalie sehemu ya mbele pale vibonyeo vinapokutana. Watu wana mazoea ya kuvua kofia kwa kuibana hapohapo badala ya kushika ukingo, na nywele zinakatika taratibu bila wao kujua. Vifungo vilivyoachia vinajifunga upya ila unywele uliokatika hauungi, hakuna mvuke wa kurekebisha hilo. Ukiona mwanga unapenya pale, chagua umbo ambalo halipakunji tena, kwa mfano bonde la duara linalozunguka juu ya kichwa, au lile refu la katikati lisilo na vibonyeo, felti ya mbele ibaki imenyooka.